UZI: Kampuni ya mafuta iliyoanza bila kisima hata kimoja (Shell ya miaka ya mwanzo)

Mkazi_wa_Mengo (mwenye uzi)

Wakubwa, habari za Jumapili. Wiki nzima watu wamegombana kwenye ule uzi wa bei ya petroli, kila mtu na mchawi wake: huyu analaumu serikali, yule Wakenya, mwingine wenye vituo. Sirudi kule. Nataka niwape historia ya kampuni ambayo nembo yake hata mtoto wa Kampala anaijua, lile kombe la baharini la manjano na nyekundu (kombe hilo kwa Kiingereza ni shell).

Nauliza kila mara watu wanadhani Shell ilianzaje, na jibu huwa lile lile: Wazungu walichimba, wakapata, wakatajirika. Wenyewe walianzia dukani, na walipoingia kwenye mafuta walikuwa wananunua kwa watu na kubeba. Ukubwa wao wote wa mwanzo ulitokana na kubeba. Uzi ni mrefu, wekeni chai jikoni.

Bi_Zamzam_Bombo

Nimeshaketi. Endelea mwanangu.

Mkazi_wa_Mengo

Tuanze London, mitaa ya mashariki karibu na bandari. Miaka ya 1830 kulikuwa na mfanyabiashara Myahudi aitwaye Marcus Samuel, muuzaji wa vitu vya kale na vya kigeni. Mabaharia wakirudi kutoka Mashariki walimuuzia makombe ya baharini. Akawa anayabandika kwenye visanduku vidogo vya kuwekea sindano au vito, na Waingereza waliokwenda kupunga upepo Brighton walivinunua kama zawadi ya kurudi nayo nyumbani. Ndiyo biashara yenyewe hiyo, visanduku vya urembo.

Makombe yakahitajika mengi, ikabidi yaagizwe kwa shehena. Meli ikienda Mashariki haiendi tupu, hivyo wakaanza kupeleka mashine na nguo, wakarudi na mchele, hariri na vyombo vya kaure. Mzee alifariki 1870, na wanawe wawili ndio wa habari hii: Marcus mdogo, na ndugu yake aliyeitwa Samuel. Ndiyo, Samuel Samuel.

Bi_Zamzam_Bombo

Samuel Samuel 😂 baba yake alichoka kutafuta jina.

Lakini tazama dunia. Kule makombe wanabandika kwenye visanduku vya sindano, huku Buganda miaka hiyo hiyo simbi, makombe madogo ya baharini, ni pesa, unanunulia mbuzi. Angefika Mengo na meli moja tu angeitwa tajiri wa nchi.

Mpinzani256

Na bei za sokoni zingepanda siku hiyo hiyo, mama. Pesa ikimwagwa ovyo haina tajiri. Mwenye uzi, tufikishe kwenye mafuta.

Mkazi_wa_Mengo

Tunafika. Miaka ya 1880 ukisema mafuta unasema taa. Magari hayapo. Petroli ilikuwa uchafu unaobaki wakati wa kusafisha mafuta ya taa, na viwanda vingine Marekani viliimwaga tu mtoni. Bwana mkubwa wa biashara alikuwa John D. Rockefeller na Standard Oil yake. Akitokea mshindani mahali, Standard wanashusha bei pale pale mpaka jamaa afilisike, hasara wanaifidia kwa faida ya masoko mengine. Akishafunga duka, bei inapanda tena.

Upande wa pili kuna Baku, kwenye Bahari ya Kaspi. Huko mafuta yalikuwa mengi kuliko walaji. Ndugu wa familia ya Nobel walishaanza kuyabeba kwa meli zenye matangi ndani ya Kaspi tangu 1878 (nayasema mapema kabla Mpinzani hajanirukia: wazo la tangi melini si la Samuel). Mwaka 1883 reli ikaunganisha Baku na bandari ya Batum kwenye Bahari Nyeusi, na familia ya Rothschild ya Paris ikaweka pesa zake humo. Mafuta yakafika baharini, lakini wa kumuuzia akawa hapatikani, maana kila soko ukigusa unamkuta Rockefeller.

Dalali mmoja wa meli wa London, Fred Lane, akamchukua Marcus Samuel hadi Batum mwaka 1890. Marcus akaona meli za tangi zikipakiwa kwa bomba, akaanza kupiga hesabu.

Tanka_Malaba

Hesabu gani? Mimi naendesha tanka, nataka nijue hiyo hesabu yake.

Mkazi_wa_Mengo

Wewe ndiye utaielewa kuliko sisi wote, ndugu yangu. Standard walipeleka mafuta Asia kwa madebe. Kila debe galoni nne, karibu lita 18, na madebe mawili yanaingia kwenye sanduku la mbao. Piga picha meli nzima ya masanduku. Bati unalipia, mbao unalipia, vibarua wa kupakia na kushusha unalipia, mengine yanavuja njiani, na kati ya sanduku na sanduku kuna nafasi inayosafiri bure.

Ukimwaga mafuta yenyewe ndani ya meli, bati na mbao vinabaki nyumbani. Unapakia kwa pampu na kushusha kwa pampu.

Tanka_Malaba

Sawa, hapo nimekupata. Lakini kurudi je? Hapo ndipo pesa inaliwa. Mimi naenda Eldoret ama Kisumu kujaza, nakuja Kampala kumwaga. Kurudi kule kujaza naenda na tangi tupu, siwezi kuweka mahindi ndani ya tangi la dizeli. Dizeli ya kwenda tupu inalipwa na nani? Na nyinyi kwenye pampu. Watu hawajui.

Mkazi_wa_Mengo

Umegusa penyewe. Marcus alilifikiria hilo kabla ya meli kujengwa. Meli zake ziliundwa ili matangi yasafishwe kwa mvuke wa moto, harufu yote iondoke, kisha zipakiwe mchele au sukari kurudi Ulaya. Ukumbuke hawa ni wafanyabiashara wa mchele tangu zamani, wateja wa kurudi walikuwa nao tayari. Standard alikuwa na mafuta, Rothschild alikuwa na mafuta, ila mzigo wa pande zote mbili alikuwa nao Samuel.

Kikwazo kilikuwa Mfereji wa Suez. Ulifunguliwa 1869, lakini wenye mfereji walikataa meli za tangi wakihofia moto. Kuzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema kungeimeza faida yote. Basi Marcus akamtafuta mhandisi wa meli, Fortescue Flannery, akamwambia achore meli ambayo wenye mfereji hawatakuwa na sababu ya kuikataa. Matangi yakagawanywa kwa kuta ili mafuta yasiyumbe, ikaachwa nafasi ya mafuta kutanuka kwenye joto, ukaguzi ukafanywa na Lloyd's, wakaguzi wa meli. London mawakili wakaanza kuandika barua serikalini kuonya juu ya hatari ya meli hizo, wateja wao hawatajwi, na Waingereza wengi waliamini mkono wa Standard umo. Barua nyingine ziligusia hata Uyahudi wa hao wenye meli.

Januari 1892 mfereji ukakubali. Meli ikajengwa West Hartlepool, ikaitwa Murex, aina ya kombe, kwa heshima ya baba. Ikapakia Batum tani kama 4,000 za mafuta ya taa, na Agosti 1892 ikapita Suez kuelekea Singapore na Bangkok. Ndugu zake waliofuata nao ni makombe tu: Conch, Clam, Turbo.

Nansubuga_K

Swali la mjinga: kwa nini Rockefeller hakushusha bei kama kawaida yake akawamaliza?

Mkazi_wa_Mengo

Swali hilo Marcus alijiuliza kabla yako, nnyabo. Kwanza walifanya kimya kimya. Kabla Murex haijaondoka walishatuma watu wao Asia kununua viwanja vya bandarini na kujenga matangi ya nchi kavu. Mkataba na Rothschild wa kuuza mafuta yao mashariki ya Suez waliutia saini 1891, wa miaka tisa.

Pili, na hapa ndipo nawavulia kofia, waliunda umoja na nyumba za biashara zilizokuwa tayari Asia, watu wenye maduka na wateja wao. Makubaliano: faida na hasara za miji yote zinawekwa chungu kimoja. Standard akishusha bei Singapore, mwenzao wa Singapore hafi, anabebwa na wa Bangkok na wa Japani. Na waliingia masoko yote kwa mpigo, hivyo Standard angelazimika kushusha bei kila mahali mara moja, akajiumiza mwenyewe.

Haya yote yaliendeshwa kutoka ofisi ndogo yenye makarani wachache. Samuel hawakuwa na jumba.

Mpinzani256

Unasimulia kama shabiki. Mtu aliyepigwa jeki na Rothschild unamwita mnyonge?

Mkazi_wa_Mengo

Mnyonge sijamwita. Nimesema hakuwa na kisima.

Sasa sikilizeni sehemu niipendayo. Meli zimefika, matangi yamejaa, bei iko chini ya Standard. Wateja hawaji! Samuel walidhani mtu wa Asia akisikia mafuta ya bei nafuu atakuja na chombo chake, ajaziwe, aende. Watu wakagoma. Walikuwa wakinunua mafuta ya Standard kwa sababu ya debe lake la buluu kama walivyonunua mafuta yenyewe. Mafuta yakiisha, debe linakuwa ndoo, sufuria, kikombe, paa la nyumba. Nani akununulie mafuta yasiyo na debe?

Marcus alipopata habari hakubishana na wateja. Akapeleka meli iliyojaa mabati matupu, akawaagiza washirika wake watengeneze madebe huko huko. Waliuliza rangi gani, akasema nyekundu. Debe jekundu jipya linalong'aa, limeundwa mjini pale pale, mbele ya debe la buluu lililokunjwakunjwa na kupata kutu melini kutoka Marekani. Muda si mrefu mapaa ya vijijini yakaanza kuwa mekundu.

Bi_Zamzam_Bombo

Hapo umenirudisha mbali. Bombo tulikokulia debe lilikuwa mali ya mama. La maji peke yake, la kupimia mahindi peke yake, na ole wako uchanganye. Likitoboka halitupwi, linafunguliwa, linanyooshwa kwa nyundo, linaziba ukuta wa jiko. Mlango wa banda letu la kuku ulikuwa wa madebe. Mafuta ya ndani tulishayasahau zamani.

Fundi_Katwe

Na taa yenyewe ya kuwashia hayo mafuta ilitoka kwenye bati hilo hilo. Tadooba. Hapa Katwe wazee wetu wamelisha watoto kwa kukata mikebe na kutia utambi. Sigiri pia. Mzungu anauza mafuta, sisi tunauza kitu cha kuyachomea kwa chombo chake mwenyewe 😄

Mpaka leo bati zuri likifika hapa halilali.

Nansubuga_K

Lakini hao wa Asia wana akili. Kampuni inashusha bei, wao wanauliza "na debe liko wapi?"

Mpinzani256

Tuseme ukweli basi mpaka mwisho. Huyo shujaa wenu alimezwa. Malizia hiyo sehemu, usiiruke.

Mkazi_wa_Mengo

Siiruki, ila nitaipita haraka maana ni mambo ya maofisini.

Kampuni yenyewe, Shell Transport and Trading, iliandikishwa 1897. Angalieni jina: uchukuzi na biashara, kuchimba hakumo. Walianza kutafuta visima vyao Borneo wakati huo, wakijua mkataba wa Rothschild utaisha 1900. Halafu Marcus akatawanyika. Alinunua mafuta ya Texas, Spindletop, kwa mkataba wa miaka mingi, kisima kikalegea kabla ya mkataba. Akalishawishi jeshi la maji la Uingereza liache makaa ya mawe litumie mafuta. Siku ya majaribio 1902 meli ya Hannibal ikatoa moshi mweusi ukawafunika wakubwa wote, habari ikaishia hapo kwa muda. Mwaka huo huo akawa Lord Mayor wa London, sherehe na magari ya farasi, huku kampuni ikivuja.

Jirani yake kulikuwa na Waholanzi, Royal Dutch, waliokuwa wakichimba Sumatra. Aliyewaongoza kuanzia 1900 ni Henri Deterding, karani wa zamani wa benki, mtu wa tarakimu. 1903 wakaunda kampuni ya pamoja ya mauzo, Asiatic Petroleum, na Rothschild ndani. 1907 wakaungana kabisa: Waholanzi 60, Shell 40. Marcus alitaka nusu kwa nusu, akakataliwa. Kwa hiyo Mpinzani, ndiyo, mwenye visima alimbana mwenye meli. Lakini jina lililobaki mbele ya vituo ni la nani?

Mpinzani256

Jina halilipi gawio. 60 ni 60.

Na hao hao walioteswa na Rockefeller walikuja kukaa meza moja na warithi wake kugawana masoko. Deterding aliitisha kikao chake Achnacarry, Scotland, 1928: kila mmoja abaki na sehemu yake ya soko, wasishushiane bei. Andika na hiyo kwenye uzi wako.

Mkazi_wa_Mengo

Imeandikwa, wewe umeiandika vizuri.

Tanka_Malaba

Haya, huku kwetu walifikaje? Maana tangi la meli linaishia Mombasa.

Mkazi_wa_Mengo

Ndiyo maana huku debe liliishi muda mrefu kuliko sehemu nyingi. Bohari ya kwanza ya mafuta Mombasa waliijenga Shell, Shimanzi, mwanzoni mwa karne ya 20. Reli ilishafika ziwani Kisumu Desemba 1901. Kwa hiyo debe la mafuta ya taa la kuja Kampala linapanda behewa Mombasa, linashuka Kisumu, linapanda meli ya ziwani, linashushwa Port Bell au Entebbe, halafu kichwani au kwenye mkokoteni. Reli yenyewe kuingia Kampala ni 1931, baada ya daraja la Jinja juu ya Nile. Kila mahali pa kushusha na kupakia kuna mtu analipwa, na mwanamke wa Mukono mwenye taa yake ndiye analipa wote.

Shell na BP waliuza pamoja Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Standard naye alikuja kwa mlango wa Vacuum Oil. Yaani buluu na nyekundu walikutana tena hapa.

Bi_Zamzam_Bombo

Halafu ikaja ya Obote, asilimia 60.

Mkazi_wa_Mengo

Mei mosi 1970, uwanja wa Nakivubo. Serikali ilitangaza kuchukua asilimia 60 ya makampuni makubwa, ya mafuta yakiwemo. Amin alipoingia mwaka uliofuata akaipunguza hadi 49. Sasa angalieni jinsi hisa zisivyosaidia kama hubebi: Julai 1976, baada ya uvamizi wa Waisraeli pale Entebbe, Amin akagombana na Kenya, Kenya ikabana mafuta na kudai pesa taslimu. Kampala magari yakasimama. Hisa zote zile za serikali hazikuleta hata pipa moja.

Nansubuga_K

Na Januari 2008, fujo za uchaguzi Kenya. Reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, huku petroli inauzwa kwenye chupa kwa bei ya kutukana mtu. Nilikuwa sekondari, tulirudi shule kwa boda wanne.

Tanka_Malaba

2008 usinikumbushe. Tulilala upande wa kule, hakuna kusonga mbele wala kurudi. Mwenye lori anapiga simu anauliza mzigo, haulizi dereva amekula nini.

Okema_Gulu

Sasa mimi nauliza, na Hoima je? Si tuna mafuta yetu. Yametangazwa tangu 2006.

Mkazi_wa_Mengo

Tunayo, na tangu 2006 mjadala mkubwa umekuwa nini? Njia. Mafuta ya kule kando ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Ndiyo sababu bomba la kwenda Tanga, kilomita 1,443, limechorwa kuwa la kupashwa moto njia nzima. Kuna miaka waliyobishana lipite Kenya au Tanzania. Tangu mwaka wa kutangazwa hadi makubaliano ya mwisho ya uwekezaji, 2022, ni miaka 16. Marcus Samuel hakuwa na tone la mafuta na alifika Bangkok miaka miwili baada ya kuona Batum.

Mpinzani256

Hapo umechanganya. Samuel alikuwa na bahari, ambayo hailipwi fidia. Bomba linapita kwenye mashamba ya watu, makaburi ya watu. Ukitaka haraka ya 1892 lazima ukanyage wenye mihogo yao.

Okema_Gulu

Hili nakubaliana na Mpinzani, na si kawaida yangu.

Mkazi_wa_Mengo

Hoja yako nzito na siipingi. Wa mihogo alipwe kwanza.

Tanka_Malaba

Mimi bado niko kwa hesabu yangu. Tangu Julai 2024 UNOC, kampuni ya mafuta ya serikali ya Uganda, ndiyo inaagiza mafuta yote ya nchi, si tena zile kampuni za Kenya. Lakini tanka langu bado linapanda kwenda tupu. Njia ni ile ile, foleni ya mpakani Malaba ni ile ile. Kilichobadilika ni karatasi.

Mkazi_wa_Mengo

Karatasi na mtu wa kati. Awali wauzaji wetu walinunua kupitia kampuni za Kenya. Kenya ilipoingia mkataba wake na kampuni za mafuta za Uarabuni, Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, mwaka 2023, Uganda ikasema bei imezidi, ikatunga sheria UNOC inunue yenyewe. Meli bado inashusha Mombasa, bomba la Kenya bado linayaleta hadi Eldoret na Kisumu. Ndiyo maana kila siku nasema habari ya kupitisha mafuta ziwani, Kisumu hadi upande wa Entebbe, isichukuliwe kama mchezo. Chombo kimoja cha majini kinabeba mzigo wa matanka mengi. Samahani Tanka, najua nakugusa mfukoni.

Tanka_Malaba

Gusa tu. Kutoka hapo gatini hadi Gulu nani atabeba? Si mimi? 😂

Nansubuga_K

Swali la mwisho kabla sijalala. UNOC inanunua kwa nani? Na hizi Shell za hapa mjini bado ni za wale Waingereza na Waholanzi?

Mkazi_wa_Mengo

Hapana. Shell waliuza vituo vyao vya nchi nyingi za Afrika kuanzia 2011 kwa kampuni mpya, Vivo Energy, na 2017 wakauza kipande walichobakiza. Vivo inalipia kutumia jina na nembo ya kombe. Wenye Vivo toka mwanzo walikuwa Vitol pamoja na wawekezaji wenzao, na 2022 Vitol wakakamilisha kuichukua. Vitol kazi yao ni kununua mafuta pale na kuyabeba hadi pale.

Na anayeiuzia UNOC mafuta ya nchi nzima ni Vitol Bahrain.

Mpinzani256

Subiri. Anayeleta mafuta ya wote na mwenye vituo vyenye kombe ni nyumba moja?

Mkazi_wa_Mengo

Nyumba moja, kampuni mbili tofauti kisheria. Fungua uzi wako kesho, nitakuja na mimi nikae nyuma nipinge.